Siri na fujo: neno moja la Waingereza na mine zetu



Leo tunataka kuzungumza juu ya neno moja. Si neno la Kiswahili wala la Kifaransa. Ni neno la Kingereza, tena Kingereza cha zamani, chenye Waingereza wa leo wenyewe wanakitumia mara moja moja tu. Neno lenyewe ni hugger-mugger. Linasomwa haga-maga. Mutatuuliza: ninyi watu wa mine na wa sendika, muko na kazi gani na maneno ya zamani ya Waingereza? Ngojeni kidogo.

Siku moja tulikuwa tumeikala ku baraza ya nyumba ya kamarade mumoja, tunangojea wengine wafike tuanze mukutano. Tulikuwa tunabishana kwa sauti kubwa juu ya karatasi moja ya kazi. Watu fulani walikuwa wametia saini, na hakuna mutu kati yetu alijua ndani yake muliandikwa nini. Mutoto wa yule kamarade, mwenye anasoma Kingereza ku chuo kikuu, alikuwa pembeni na kitabu chake. Akacheka, akasema: "Baba, ile mambo munasema, Bangereza beko na neno yake." Akatufasiria. Tulisahau kubishana, tukaanza kumuuliza. Tangu siku ile neno hili halitutoki mu kichwa, na tunaona ni vizuri na ninyi mulisikie.

Neno lenyewe ni la namna gani

Waingereza walianza kuliandika mu vitabu mu miaka ya 1500. Mbele ya pale, mu miaka ya 1400, kulikuwa neno lingine lenye kufanana nalo, hoder-moder. Wenye kuchunguza asili ya maneno hawapatani sana juu ya kule lilitoka. Wengine wanafikiri kama sehemu yake ya pili inatoka ku neno la zamani lenye maana ya kukusanya vitu na kuvificha, sawa mutu mwenye kufukia makuta chini ya kitanda. Sisi wenye kusema Kiswahili tunafahamu upesi namna liliundwa, juu na sisi tunarudilia neno mara mbili: kisirisiri, chinichini, ovyoovyo. Sikio linasikia na mutu anajua.

Sasa, maana yake. Maana ya kwanza, ya zamani, ni siri. Kufanya jambo mu hugger-mugger ni kulifanya kwa kujificha, mulango umefungwa, mwenye mambo yake hajui. Lakini neno hili liko na maana ya pili. Kisha miaka kupita, Waingereza walianza kulitumia juu ya fujo: vitu vimetupwatupwa, kazi haina mupango, kila mutu anavuta upande wake. Siku ya leo mutu akilisema, mara nyingi anataka kusema ile fujo. Maana ya siri ingali mu kamusi, na waandishi wa magazeti wanaikumbuka wakati wakubwa wamegawana kitu chinichini, lakini ni neno lenye kunuka uzee.

Ni hapo tulishangaa. Namna gani neno moja libebe siri na fujo pamoja? Hakuna mwalimu wala mufalme mwenye aliamuru. Ni watu wenyewe, kwa kusema kila siku, walitosha neno ku siri wakalipeleka ku fujo. Pengine walifanya vile bila kufikiri sana. Lakini sisi wenye tumefanya kazi ku mine miaka zaidi ya makumi mawili, tunasema: walifanya vizuri. Siri ya wakubwa na fujo ya wadogo ni mama na mutoto.

Maiti ya Polonius

Kitabu chenye yule kijana alikuwa anasoma ni Hamlet, muchezo wa Shakespeare, wenye uliandikwa karibu ya mwaka wa 1600. Tumuache mwenyewe ashindane na Kingereza chake; sisi tutawaelezea habari kwa ufupi.

Kule Denmaki kuna mufalme, jina lake Claudius. Ufalme aliupata kwa kumupatia ndugu yake sumu, na watu hawajui. Iko siri ya kwanza. Kisha, Hamlet, mutoto wa yule ndugu mwenye aliuawa, anamuchoma upanga muzee mukubwa wa baraza la mufalme, Polonius, mwenye alikuwa amejificha nyuma ya pazia kwa kusikiliza maneno ya watu. (Angalieni: hata mwenye kufa alikuwa mu siri.) Mufalme anaogopa. Anamufukuza Hamlet, anamutuma Uingereza. Na maiti ya muzee anaifanyia nini? Anaizika haraka haraka, bila heshima yenye ilimustahili, bila watu. Ni pale neno letu linaingia. Mufalme mwenyewe anaungama mbele ya muke wake kama walifanya kama wajinga, kwa kuzika mutu vile.

Juu ya nini anasema vile? Juu watu wameanza kunungunika. Hawajui Polonius alikufa namna gani, basi kila mutu anajitungia habari yake. Mutoto wa marehemu, Laertes, anarudia kutoka Ufaransa na hasira, na kundi la watu wanamufuata. Wanavunja milango ya jumba, wanapiga kelele kama yeye njo awe mufalme. Lakini Claudius hakumuua Polonius! Ku jambo lile, mikono yake ilikuwa safi. Kama angezika muzee mu mwangaza, mbele ya familia, na kueleza mambo, pengine angelala usingizi. Ni maziko ya siri yenye ilimuletea fujo mulangoni.

Waingereza walikuwa wamekwisha kutumia neno hili juu ya maiti ingine. Mu mwaka wa 1579, Thomas North alitafsiri mu Kingereza maisha ya wakubwa wa Roma na Ugiriki yenye Plutarch aliandika. Mule ndani, kisha Kaisari kuuawa, Antonius anaomba asizikwe kwa kujificha, juu watu watakasirika zaidi. Na Shakespeare alisoma sana kitabu cha North. Basi mara mbili neno hili linakutana na maziko, na mara mbili linakutana na hasira ya watu wenye walikatazwa kuona.

Kwetu mutu hazikwi vile. Mutu akikufa, matanga inakaa, watu wanakuja, wanauliza alikufa na nini, wanajibiwa. Familia yenye kuzika usiku bila kuita watu, kesho yake mutaa wote unaisema. Hatuhitaji Shakespeare kwa kujua ile. Lakini mambo ya mine, yenyewe, imezikwa vile tangu wakati wa babu zetu.

Shinkolobwe

Karibu na Likasi kuna mahali panaitwa Shinkolobwe. Wazee wengi wanajua jina. Union Minière ilianza kuchimba pale mu miaka ya 1920 kwa kutafuta radiumu, yenye ilikuwa na bei kubwa sana wakati ule. Uraniumu, yenye iko mu jiwe lile lile, haikuwa na soko kubwa. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa na uraniumu nyingi kuliko karibu mine zote za dunia.

Mu mwaka wa 1940, wakati vita vilikuwa vimefika Ubelgiji, mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma tani zaidi ya 1.000 za jiwe lile mpaka New York. Likawekwa mu depo ku kisiwa cha Staten Island. Mu mwezi wa Septemba 1942, jeshi la Marekani likalinunua. Sehemu kubwa ya uraniumu ya mupango wa Manhattan ilitoka kwetu. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la kwanza likaanguka juu ya muji wa Hiroshima, na siku tatu kisha, lingine juu ya Nagasaki.

Tuulize sasa: mufanyakazi mwenye alipakia lile jiwe ku gunia, alijua nini? Hakujua kitu. Hakuambiwa kama linaenda kufanya kazi gani kule. Hakuambiwa kama lile vumbi linaingia mu mwili na linabaki. Hakuna mutu alimuuliza, hakuna mutu alimulipa juu ya hatari. Mu 1946 Marekani ilimuvalisha Sengier medali. Watu wenye walichimba, sisi hatujaona orodha ya majina yao popote.

Tunajua wengine watasema: ilikuwa vita, siri ilikuwa ya lazima, adui angesikia. Sawa, tunakubali kama jeshi haliwezi kutangaza mambo yake ku radio. Lakini kumuambia mufanyakazi ajifunge kitambaa ku pua na aoge mbele ya kubeba mutoto wake, ile ingefunua siri gani kwa adui? Hii njo alama ya haga-maga ya kweli: inajifunika na sababu kubwa, lakini ndani mwake kuna kitu kidogo, ni kuzarau mutu.

Na fujo ilifuata, sawa vile neno linasema. Mbele ya uhuru, shimo kubwa la Shinkolobwe lilizibwa na beto. Kisha miaka kupita, watu wenye njaa walifika pale kuchimba na mikono kobalti na shaba, mu mawe yenye kuchanganyika na uraniumu. Mu mwezi wa Januari 2004, amri ya Rais ilikataza uchimbaji ule. Mu mwezi wa Julai mwaka ule ule, sehemu ya mine ikabomoka, ikaua watu. Mahali pa siri pakawa mahali pa fujo, na hakuna mutu alishangaa.

Wakati ule ule wa vita vya dunia, kulikuwa jambo lingine. Mu mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, juu mushahara haukutosha na bei ya vitu ilikuwa imepanda. Ku Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, askari walifyatulia risasi watu wenye walikusanyika ku uwanja wa mupira. Léonard Mpoyi, mwenye alisemea wafanyakazi, aliuawa. Wafu walikuwa wangapi? Hesabu ya wakubwa wa wakati ule na hesabu yenye watu walichunga mu kumbukumbu hazilingane hata leo. Wakati hesabu ya wafu inabaki mu ofisi, mukini inajifanyia yake. Laertes hakosekane.

Kontra za wakati wetu

Tusijifanye kama ile yote ni mambo ya wazungu na ya ukoloni. Kisha Sheria ya mine ya mwaka 2002, kontra nyingi za ushirikiano zilitiwa saini, zingine zilikuwa zimekwisha kutiwa saini wakati wa vita, na mwanainchi hakuona karatasi. Mu 2007 Serikali yenyewe iliunda tume ya kuzichunguza upya, kontra karibu 60. Inchi yenye inapaswa kuunda tume kwa kusoma kontra zake yenyewe, ile ni inchi yenye iliuzwa mu haga-maga.

Mu 2008 yakaja mapatano ya Sicomines, ya Congo na kampuni za Chine: mine kwa barabara na hospitali. Mwanzo sehemu ya majenzi ilikuwa miliari 6 za dola. Mu 2009 ikashuka miliari 3. Mu 2024 ikabadilishwa tena, ikapanda miliari 7. Hatusemi hapa nani alikosea. Tunauliza tu: mutu wa Kolwezi, mwenye udongo unatoka chini ya miguu yake, aliitwa ku mezani mara ngapi ku zile hesabu tatu? Hata mara moja.

Ni lazima tuseme pia vizuri yenye ilifanyika, juu sendika yenye kulalamika tu haisaidie mutu. Tarehe 20 Mei 2011, Waziri wa Kwanza alitia saini amri yenye kulazimisha kila kontra ya mali ya asili itangazwe. Congo iliingia mu mupango wa dunia wa uwazi, wenye tunaita ITIE, na mu 2014 ikakubaliwa kama inafuata masharti. Sheria ya mine iligeuzwa mu mwezi wa Machi 2018. Sasa redevansi ya shaba ni 3,5 ku mia, na ya kobalti, tangu ilitangazwa kuwa madini ya pekee, ni 10 ku mia. Redevansi ile inagawanywa: 50 ku mia kwa Serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa muji ao sheferi ya mahali mine iko, 10 kwa fungu la vizazi vyenye vitakuja. Tena kila kampuni inapaswa kutosha 0,3 ku mia ya biashara yake kwa kusaidia vijiji vya jirani.

Mu karatasi, ni vizuri sana. Shida ni hii: kutangaza kontra ku intaneti, kurasa 200 za Kifaransa cha wanasheria, bila umeme wala simu ya kufungulia, ile ingali nusu ya siri. Mama mwenye kuuza mukate ku lango la mine hawezi kujua 15 ku mia ya komini yake iliingia wapi. Na mutu akisikia kama makuta yalifika lakini barabara ingali mashimo, atasema nini? Atasema: "Bakubwa balikula." Pengine balikula, pengine hapana. Lakini hakuna mutu anaweza kumuonyesha, basi kwake balikula.

Na sisi wenyewe je?

Tungeweza kumaliza hapa, na wakubwa tu wangekuwa wabaya. Lakini habari hii ingekuwa ya uongo. Sisi pia, watu wa sendika, tumezika maiti usiku.

Haina miaka mingi, ku kampuni moja yenye hatutataja jina, wakubwa walituita watatu. Si ku mine; ku muji, ku hoteli, saa ya mangaribi. Kwanza chakula na chupa. Kisha karatasi: prime ya wafanyakazi inapunguzwa kwa miezi mine, juu bei ya kobalti imeanguka, kisha itarudishwa. Walituomba kitu kimoja: "Musiseme kwanza. Mukisema, watu watakasirika." Tulitia saini. Tulirudi ku nyumba. Asubuhi wenzetu walituuliza ku basi: "Mulienda kufanya nini?" Tukajibu: "Mambo inaendelea."

Wasomaji wenye kufanya kazi ya mushahara wanajua jibu lile. Mambo inaendelea, njo haga-maga mu Kiswahili cha delege.

Mwisho wa mwezi watu walipokea karatasi za mushahara. Makuta pungufu, hakuna maelezo. Mu siku mbili kulikuwa habari tano: prime imeondolewa kabisa, watu 100 watafukuzwa, kila delege alipewa pikipiki, delege mumoja anajenga nyumba, mine imeuzwa. Mumoja wetu alitupiwa mawe ku mabati usiku, watoto ndani. Siku ya tatu vijana walifunga barabara bila kutoa habari ya mugomo sawa vile sheria inaomba. Juu hawakufuata sheria, kampuni ilipata njia rahisi: watu 14 walipoteza kazi. Sisi watatu wenye tulitia saini hatukuwa kati yao.

Wakati karatasi ilifunuliwa mwisho, watu waliisoma, wakakaa kimya. Mumoja akauliza: "Njo ile tu? Miezi mine? Juu ya nini hamukusema?" Hatukuwa na jibu. Prime ilirudi kisha miezi mine, sawa vile iliandikwa. Wale 14 hawakurudi. Si ile miezi mine iliwafukuza. Ni sisi, na kimya yetu. Tuliomba musamaha mu mukutano, mbele ya watu, na wengine mpaka leo hawatusalimie. Hatuwalaumu.

Tunaandika habari hii ili vijana wenye wanachaguliwa kuwa madelege wasijidanganye kama siri inachunga amani. Mukubwa alituambia: mukisema, watu watakasirika. Kweli, wangekasirika. Wangepiga kelele saa mbili chini ya muti, tungejibu, wangeuliza tena, kisha wangerudi ku kazi. Hasira yenye kujua sababu yake iko na mwisho. Yenye haijui sababu inatafuta tu dirisha la kuvunja.

Je, siri yote ni mbaya?

Hapana. Tusiwe wajinga. Mufanyakazi akienda ku munganga, ugonjwa wake si wa kubandikwa ku mulango wa kantini. Kura ya madelege ni ya siri, na ni vizuri iwe vile, juu kapita asijue ulichagua nani. Mufanyakazi akituletea habari kama gari la mine halina breki, jina lake tutalificha hata wakitutisha, juu akifahamika kesho anafukuzwa. Na kampuni iko na haki ya kuficha namna yake ya kusafisha madini, ili kampuni ingine isiibe akili.

Sisi tunapima hivi: siri hii inamuchunga nani? Kama inamuchunga muzaifu mbele ya mwenye nguvu, ni ngao. Kama inamuchunga mwenye nguvu mbele ya wenye mambo yao wenyewe, ni maziko ya Polonius. Mushahara wangu ni mambo yangu. Vumbi lenye kuingia mu kifua changu ni mambo yangu. Udongo wa kijiji ni mambo ya kijiji. Mutu hawezi kunificha mambo yangu na kuita ile heshima ya biashara.

Wakubwa wengine watatuambia: wafanyakazi hawafahamu hesabu, mukiwaonyesha watachanganya. Sisi tunajibu: watu hawa hawa wanajua kuhesabu baruti ya kupasua mulima bila kuua mutu. Wanajua mazuti ya gari la tani 100 itafika saa ngapi. Wataweza kusoma ukurasa moja wa prime.

Tunaomba nini

Tunaomba mambo mane, si mengi.

Moja: kila karatasi yenye delege anatia saini ibandikwe ku lango la mine mu siku tatu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Karatasi yenye haiwezi kubandikwa, delege asitie saini.

Mbili: mukutano wa wakubwa na sendika ufanyike ku mahali pa kazi, saa za kazi, na watu wajue saa ya kuanza. Hoteli ni kwa wageni.

Tatu: ku komini na sheferi za mine, redevansi yenye iliingia na yenye ilitumiwa itangazwe kila miezi tatu, ku redio ya mahali na ku mulango wa ofisi, mu lugha yenye mama wa soko anafahamu.

Ine: ajali ku mine, hata ndogo, isemwe siku ile ile. Familia isisikie kwa jirani. Na kama mutu amekufa, wasizungumze juu ya makuta na familia usiku mbele ya mutu wa sendika kufika.

Yule kijana wa Kingereza alitupa kazi nyumbani: kutafuta neno la Kiswahili lenye kubeba siri na fujo pamoja. Tulitafuta. Tuko na siri, tuko na fujo, tuko na chini ya meza, tuko na vurugu. Neno moja lenye kubeba yote mbili, hatukupata. Muzee mumoja wa sendika, mwenye alifanya kazi tangu wakati wa Zaïre, alisema: "Hatuna neno, juu tuko nayo kila siku. Samaki haina neno ya maji." Tulicheka, lakini kisha kidogo tukaacha kucheka.

Mwezi huu tumeitwa tena. Ku kampuni ingine, karatasi ingine, na kwa chini wameandika kama mambo yenye itasemwa isitoke inje. Tumejibu kwa barua: tutakuja, lakini ku mine, mangaribi hapana, na tutakuja na daftari. Tukitoka, tutasimama ku lango wakati ekipe ya mchana inatoka na ya usiku inaingia, na tutasoma kwa sauti kila kitu chenye tulisikia. Wenye watataka kutupigia kelele, watupigie. Tutakuwa pale.